Mtu wa Pili Katika Orodha ya 1941

Mpwa wangu mmoja, ambaye amekaa Boston huko Marekani miaka mingi akifanya kazi na kulea watoto, alikuja nyumbani Mombasa kututazama. Jioni moja baada ya sala ya alasiri alinikuta barazani na wazee wenzangu, tukibishana mambo ya mpira kama ilivyo desturi yetu. Mmoja wetu alikuwa akimsifu mfungaji wa mabao hata ungedhani timu nzima ni mtu mmoja. Mwingine alikuwa akimtetea beki ambaye hakuna gazeti linalomtaja, akisema kwamba bila ya beki huyo hayo mabao yangekuwa kazi bure. Sauti zilipanda, kahawa ikapoa, na kama kawaida hakuna aliyeshinda.

Mpwa wangu alisikiliza kwa adabu mpaka tulipotawanyika, ndipo akaniambia, "Mjomba, ubishi wenu huu Wamarekani wamekuwa nao zaidi ya miaka themanini katika mchezo wao wa besiboli, na mpaka leo hawajaumaliza." Siku ya pili akaniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Ilikuwa na majina matano tu, na kando ya kila jina tarakimu. Juu yake aliandika: Ligi ya American, msimu wa 1941, kiwango cha kufika kituoni.

Majina yenyewe ni haya. Wa kwanza, Ted Williams wa Boston Red Sox, asilimia 55.3. Wa pili, Roy Cullenbine wa St. Louis Browns, asilimia 45.2. Wa tatu, Joe DiMaggio wa New York Yankees, asilimia 44.0. Wa nne, Charlie Keller, naye wa Yankees, asilimia 41.6. Wa tano, Jimmie Foxx wa Boston, asilimia 41.2.

Ndugu msomaji, nimekaa na karatasi hiyo siku nyingi kuliko nilivyotazamia. La kwanza na la tatu ni majina makubwa, na hata mimi nisiyefuata mchezo huo nilikuwa nimeyasikia. Jina la pili sikupata kulisikia katika maisha yangu. Nilipomuuliza mpwa wangu, alicheka akasema kwamba hata huko kwao wengi hawalijui. Juu ya mtu huyo wa pili ndipo nilipotaka kusema leo.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nitaueleza kama nilivyoelezwa. Mpigaji husimama na gongo lake mkononi, na mrushaji wa timu ya pili humrushia mpira kwa nguvu zake zote. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbilia kituo cha kwanza, na vituo ni vinne. Akivizunguka vyote na kurudi alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Ikiwa mpira ni mzuri naye asiupige, huandikiwa kosa, na makosa matatu humtoa. Lakini ikiwa mrushaji ametupa mpira mbaya, uliokwenda kando au juu mno au chini mno, naye mpigaji akauacha upite bila ya kuutupia gongo, basi ubaya huo huandikwa juu ya mrushaji. Mipira mibaya ikifika minne, mpigaji huweka gongo lake chini na kwenda kituo cha kwanza kwa miguu yake, bila ya kukimbia na bila ya mtu kumzuia. Wamarekani husema ametembea, nami katika makala haya nitayaita hayo matembezi.

Jambo moja zaidi la kufahamu ni kwamba mchezo huu haumalizwi kwa saa kama kandanda. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, na kila zamu huisha watu watatu wakitolewa. Mara tisa tatu ni ishirini na saba. Huo ndio mtaji wa timu: roho ishirini na saba. Maadamu zimebaki, hata kama ni moja, mchezo ungali hai na waweza kupindua mambo. Zikesha, umekwisha, hata kama una mabingwa kumi waliokaa wakingoja zamu zao.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara ya duka ataona mara moja thamani iko wapi. Jambo la kwanza la kumuuliza mpigaji ni hili: katika mara zote alizosimama na gongo, ni mara ngapi hakuupoteza mtaji wa wenzake? Kiwango cha kufika kituoni hujibu suali hilo. Hujumlisha mipigo safi, matembezi, na zile mara chache mpigaji anapogongwa na mpira akapewa kituo, kisha hugawanya kwa mara alizosimama.

Mchukue Ted Williams. Mwaka huo alisimama mara 606 katika hesabu hii. Alipiga mipigo safi 185, akatembea mara 147, akagongwa mara 3. Jumla ni mara 335 za kufika kituoni. Zaidi ya nusu! DiMaggio alisimama mara 621. Mipigo safi 193, matembezi 76, kugongwa mara 4, jumla 273. Sasa tazama upande wa hasara. Hesabu hii inamwandikia Williams mara 271 za kutofika, na DiMaggio mara 348. Tofauti ni mara 77. Hata ukimpunguzia DiMaggio zile mara 15 alizosimama zaidi, zinabaki 62, na mtaji wa mechi nzima ni 27. Williams aliiokolea timu yake mtaji wa zaidi ya mechi mbili nzima kuliko mwenzake aliyesifiwa mwaka ule kuliko watu wote.

Maana DiMaggio ndiye aliyesifiwa. Tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 16 Julai 1941 alicheza mechi 56 mfululizo bila ya kukosa angalau mpigo mmoja safi katika kila mechi. Nchi nzima ilikuwa ikiuliza kila jioni kama amepiga au hakupiga. Alitungiwa wimbo mwaka huo huo, na watu wakaucheza. Williams naye alikuwa na kisa chake. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 28 Septemba, wastani wake wa kupiga ulikuwa .39955, ambao kwa kukamilisha tarakimu ungeandikwa .400, kiwango ambacho hakuna mpigaji wa Ligi ya American aliyekimaliza msimu nacho tangu hapo. Mkuu wa timu, Joe Cronin, alimpa ruhusa akae asicheze ili aihifadhi sifa yake. Kijana yule wa miaka 23 alikataa. Alicheza mechi mbili siku ile mjini Philadelphia, akapiga mipigo sita safi katika mara nane, akamaliza na .406.

Waandishi wa michezo walipopiga kura ya mchezaji bora wa ligi, walimpa DiMaggio pointi 291 na Williams 254. Sisemi kwamba walidhulumu. Yankees walichukua ubingwa mwaka ule na Boston walikuwa wa pili, nyuma yao kwa mechi 17. DiMaggio alikuwa mdakaji hodari katikati ya uwanja, na hilo halimo katika karatasi ya mpwa wangu. Mwenye kumchagua DiMaggio alikuwa na hoja. Nisemalo ni kwamba hakuna mmoja kati ya waandishi wale aliyekuwa na orodha hii mbele yake alipokuwa akipiga kura, kwa sababu hesabu yenyewe haikuwa ikitangazwa na ligi. Walikuwa na wastani wa kupiga, na wastani wa kupiga huyafuta matembezi. Mtu akitembea, wastani huo humchukulia kama hakutokea uwanjani kabisa. Mara 147 Williams alifika kituoni kwa kujizuia, na katika hesabu iliyokuwa ikisomwa magazetini, mara hizo hazikuwako.

Sasa tuje kwa mtu wetu wa pili. Roy Cullenbine alizaliwa Nashville mwaka 1913. Mwaka 1941 alikuwa na St. Louis Browns, timu maskini iliyozoea kushindwa. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .317, ambao ni mzuri, lakini mbele ya Williams na DiMaggio haungalimfanya mtu ageuze shingo. Kilichompandisha juu ya DiMaggio ni matembezi 121. Mara 121 alirushiwa mipira minne mibaya, akaiangalia ikipita, akaweka gongo lake chini, akaenda zake kituoni.

Je, alishukuriwa? Mmoja wa viongozi wa timu yake ya St. Louis alikuja kumweleza kuwa ni mvivu, mtu asiyetaka kupiga, anayetafuta matembezi tu. Mwaka uliofuata, 1942, alivaa jezi za timu tatu katika msimu mmoja: Browns, Washington, kisha Yankees. Katika miaka kumi ya ligi kuu alipita timu sita. Mtu anayepokelewa na kila mtu na asibakishwe na mtu, hapana shaka kuna kitu katika kazi yake ambacho watu hawakielewi.

Mwisho wake ndio unaosikitisha. Mwaka 1947 alikuwa Detroit. Wastani wake wa kupiga ulishuka mpaka .224, na kwa macho ya wakati ule huo ulikuwa wastani wa mtu aliyekwisha. Lakini mwaka huo huo alitembea mara 137. Aliweka rekodi ya ligi kuu kwa kutembea angalau mara moja katika mechi 22 mfululizo. Alipiga mipigo 24 ya kuzunguka vituo vyote. Kiwango chake cha kufika kituoni kilikuwa asilimia 40.1, ambacho wapigaji wengi mashuhuri hawakipati hata katika mwaka wao ulio bora. Baada ya msimu ule hakucheza tena hata mechi moja ya ligi kuu. Alikuwa na miaka 34. Katika maisha yake yote ya ligi kuu alipata mipigo safi 1,072 na matembezi 853, na kiwango chake cha jumla kilikuwa asilimia 40.8. Alifariki mwaka 1991.

Fikiri tofauti ya rekodi hizi mbili. Mmoja alipiga katika mechi 56 mfululizo, akatungiwa wimbo. Mwingine alitembea katika mechi 22 mfululizo, na kabla ya mwaka kupita alikuwa hana kazi. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Nasema kwamba umbali baina yao si mkubwa kiasi hicho.

Nilimuuliza mpwa wangu, ilikuwaje watu wenye akili, wanaopenda hesabu kama Wamarekani, wasiyahesabu matembezi? Jawabu lake lilinirudisha Uingereza. Aliyeweka msingi wa hesabu za besiboli alikuwa Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto. Kabla ya besiboli alikuwa mwandishi wa kriketi. Sisi tulioshangilia mwaka 2003 Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, tunajua kwamba mrushaji akitupa mpira wa kando, timu ya pili hupata pointi, lakini mpigaji haandikiwi kitu. Ni kosa la mrushaji, si sifa ya mpigaji. Chadwick aliyatazama matembezi kwa jicho hilo hilo. Aliona hapana sifa kwa mtu aliyesimama tu akingoja mwenzake akosee.

Mwaka 1887 walijaribu kupindukia upande wa pili: kwa msimu mmoja matembezi yalihesabiwa kuwa sawa na mipigo safi. Wastani za watu zikapanda mno, wakacheka, na mwaka uliofuata wakairudisha desturi ya zamani. Kuanzia hapo jambo likakaa hivyo hivyo muda mrefu. Mwaka 1954 Branch Rickey, yule aliyemleta Jackie Robinson katika ligi kuu, aliandika katika jarida la Life, akisaidiwa na mtaalamu wake wa hesabu Allan Roth, kwamba kufika kituoni ni kipimo bora kuliko wastani wa kupiga. Hawakusikilizwa sana. Ligi kuu haikukifanya kipimo hicho kuwa rasmi mpaka mwaka 1984, miaka 37 baada ya Cullenbine kufungashwa virago.

Na hata baada ya hapo, soko halikusikia. Mwaka 2002 timu ya Oakland, iliyokuwa na mishahara ya dola milioni 40 hivi ilhali Yankees walikuwa na zaidi ya milioni 120, ilitafuta makusudi watu waliodharauliwa lakini wanaojua kufika kituoni. Mmoja wao alikuwa Scott Hatteberg, aliyekuwa ameumia kiwiko hata hawezi tena kazi yake ya zamani ya kudaka nyuma ya mpigaji. Timu ile ilishinda mechi 103 mwaka huo, ishirini kati ya hizo mfululizo, na mpigo ulioshinda ile ya ishirini ulikuwa wa Hatteberg. Michael Lewis aliandika kitabu juu yao mwaka 2003, na tangu hapo watu wa Cullenbine wakaanza kulipwa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwanza lazima akubali mtu kwamba haba nayo ni kitu.

Naam, wapo watakaonipinga, na hoja zao nazijua kwa sababu mpwa wangu mwenyewe alinipinga. Watasema, matembezi hayalingani na mpigo safi. Ikiwa mwenzako amefika kituo cha tatu na wewe ukatembea kwenda cha kwanza, yeye habanduki. Lakini ukipiga vizuri atarudi nyumbani na pointi. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu mwaka 1887 walikosea. Watasema pia kwamba wengine hutembea kwa sababu warushaji wanawaogopa, si kwa subira yao. Hilo nalo ni kweli. Barry Bonds alikipita kiwango cha Williams kilichokaa vitabuni miaka 61, akafika asilimia 58.2 mwaka 2002 na 60.9 mwaka 2004. Lakini katika matembezi yake 232 ya mwaka 2004, matembezi 120 alipewa makusudi na watu wasiotaka kumrushia mpira. Juu ya hayo, uchunguzi wa dawa za kuongeza nguvu ulimfuata, na waandishi walimnyima kura za kuingia katika Jumba la Heshima miaka yote kumi, mpaka 2022. Kwa hiyo wa kwanza katika orodha si lazima awe wa kwanza katika heshima.

Lakini Cullenbine hakuwa Bonds. Hakuna aliyemwogopa kiasi hicho. Matembezi yake aliyachuma mwenyewe kwa jicho lake. Mpira unaokuja kwa kasi ile hukupa muda mdogo kuliko wa kupepesa jicho mara mbili, na katika muda huo lazima uamue: huu ni wangu, huu si wangu. Mkono wataka kupiga, watu uwanjani wanapiga kelele upige, na kiongozi wako amekwisha kukuita mvivu. Kuuacha upite ni kazi. Chuoni tulikosoma, maalim wetu hakuwa akimpa daraja mwenye sauti kubwa. Alikaa na kijiti chake akihesabu makosa, na mtoto aliyesoma polepole bila ya kukosea ndiye aliyevushwa sura ya mbele. Sisi wenye sauti tuliona ni dhuluma. Baadaye nikajua kwamba maalim alikuwa akihesabu kitu ambacho sisi hatukukiona.

Na lipo jambo kubwa zaidi ambalo karatasi ya mpwa wangu hailionyeshi. Mwaka 1941 hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kusimama na gongo katika ligi ile. Josh Gibson, mmoja wa wapigaji wakubwa waliopata kuzaliwa Marekani, alikuwa mwaka huo akicheza Mexico, katika timu ya Veracruz. Alifariki Januari 1947, miezi michache kabla ya Jackie Robinson kufunguliwa mlango. Mwaka 2024 ligi kuu iliziingiza hesabu za ligi za watu weusi za miaka ya 1920 mpaka 1948 katika vitabu vyake, na Gibson, kwa wastani wa .372 wa maisha yake, akawekwa juu ya watu wote katika wastani wa kupiga. Aliyekuwa wa kwanza katika orodha yetu alikuwa ameliona jambo hili zamani. Ted Williams alipoingizwa katika Jumba la Heshima mwaka 1966, alisimama mbele ya watu akaomba Gibson na Satchel Paige nao waingizwe siku moja. Yeye alijua orodha aliyoiongoza imepunguka nani.

Kwa hivyo kila orodha ina mambo mawili ya kuulizwa kabla ya kuisoma. Ni nani aliyeruhusiwa kusimama? Na ni kitu gani kilichohesabiwa? Orodha ya 1941 kwa wastani wa kupiga inatupa Williams na DiMaggio na wala haina habari na mvivu wa St. Louis. Watu ni wale wale, mechi ni zile zile, mipira iliyorushwa ni ile ile. Badilisha kinachohesabiwa, na mvivu anakaa juu ya aliyetungiwa wimbo.

Nasema haya kwa sababu nami nina orodha yangu inayoniuma. Nilipokuwa kijana, niliwahi kusaidia kupanga ukurasa wa mashairi. Mwisho wa mwaka mmoja nikapata wazo la kutangaza malenga wa mwaka, na njia niliyoiona rahisi ilikuwa kuhesabu mashairi yaliyochapishwa. Mwenye mengi akawa wa kwanza, na wakafuatana hivyo mpaka wa kumi. Nilijiona nimetenda haki, maana hesabu haina upendeleo.

Alikuwako mzee mmoja wa upande wa kaskazini mwa pwani ambaye mwaka ule alituletea mashairi matatu tu. Lakini kila lililochapishwa lilikuwa jawabu. Vijana wakijibizana mpaka wakatukanana, yeye alingoja, kisha akaleta beti sita za kuuzima moto. Juu ya hayo alikuwa akiniandikia barua, akinionyesha mizani iliyopunguka hapa na kina kilichopotoka pale, nami nikasahihisha kimyakimya na sifa zikawa zangu. Ukurasa ule ulisimama kwa sababu yake. Katika orodha yangu hakuwamo. Aliisoma, bila ya shaka, kwa maana alikuwa akisoma kila kitu. Hakulalamika, wala hakuandika tena. Mimi nilifikiri amechoka kwa uzee, na sikufanya haraka kumwandikia. Nilipokwenda kumtafuta mwishowe nilipelekwa makaburini.

Sikumwita mvivu. Lakini nilimhesabia kama yule kiongozi wa St. Louis alivyomhesabia mtu wake, na sina udhuru, kwa sababu barua zake nilikuwa nazo mezani.

Mpwa wangu amekwisha kurudi Boston. Karatasi yake ningali nayo, nimeibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Wageni wakiiona huuliza ni majina ya nani hayo, nami huwaonyesha kwa kidole lile la pili. Nimemtungia ubeti mmoja, na kwa hakika nimewatungia watu wawili:

Msimama kwa subira, akafika kituoni,
Asopapia mpira, hakuandikwa chuoni,
Wakamuona fukara, hana lake uwanjani,
Kumbe kwa hesabu bora, ni wa pili orodhani.